Siku Baba Yake Tressa Alipokaguliwa

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Tressa Holcomb alikwenda bandani kumtembeza mwanakondoo wake, Biskuti. Alimshika kidevuni bila kamba, kama inavyotakiwa kwenye maonyesho ya mifugo ya wilaya, akamzungusha uani huku upepo wa Oklahoma ukimpiga vumbi jekundu usoni. Kisha alimsimamisha na kuipanga miguu yake minne iwe sawasawa, akasema, "Tulia hapo. Jaji anakutazama."

Asubuhi moja aliporudi jikoni alimkuta baba yake amesimama mbele ya friji, ameshika chupa ya plastiki iliyokatwa, akizungumza na mlango wake.

"Mnadhani maji yatapita upesi wapi, kwenye mchanga au kwenye udongo wa mfinyanzi? Na kwa nini?"

"Friji halijui, Baba," Tressa alisema.

Baba alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Kesho yake angekaguliwa.

Zamani Bwana Holcomb alifanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Texas magharibi. Alikuwa akiondoka majuma mengi, anarudi siku chache, anafua nguo, anaondoka tena. Siku moja ya kuzaliwa kwake, Tressa aliizima mishumaa ya keki mbele ya simu, baba akimtazama kutoka huko. Kisha mwalimu wa sayansi wa shule yetu akahama, na hakupatikana mwingine. Sheria ya jimbo inairuhusu shule kumchukua mtu mwenye ujuzi wa kazi yake afundishe somo hilo kwa saa chache, hata kama hana cheti cha ualimu. Ndivyo Bwana Holcomb alivyoingia darasani, akiwa mwalimu wa muda.

Lakini mshahara wa saa chache haulishi nyumba. Iko njia nyingine kwa mtu aliyesoma chuo kikuu bila kusomea ualimu: afanye mtihani wa somo lake, asome ualimu huku anafundisha, na shule imsimamie. Mtihani alikwisha kuufaulu. Sasa shule ilitaka neno la mkaguzi kwanza. Mkaguzi akisema hafai, ingembidi kurudi visimani, na mama alikwisha sema hivyo mezani, baada ya kuomba baraka ya chakula, kwa sauti ya chini.

Shuleni Tressa hakupata faraja. Kolby Pruitt, kijana mwenye mdomo, alimngojea kwenye meza ya chakula cha mchana.

"Nasikia baba yako anapimwa kesho. Tairi la akiba linapimwa upepo!"

"Nyamaza, Kolby. Umeshindwa hata kumnyoa kondoo wako. Anaonekana kama ameliwa na panya."

Wenzao waliangua kicheko. Kolby aliona haya, kwa maana ilikuwa kweli. Papo hapo Tressa akapata wazo. Kondoo wa maonyesho haingii uwanjani na tope. Anaoshwa, ananyolewa, anafundishwa kusimama, na kwetu hakuna anayeona kuwa hayo ni udanganyifu. Basi kwa nini darasa lisitengenezwe vivyo hivyo?

"Sikieni," alisema akiinama juu ya sahani ya maharage na mkate wa mahindi. "Nayajua maswali ya kesho, Baba anayafanyia mazoezi mbele ya friji. Kila mmoja nitampa jibu lake. Kolby, wewe utasema habari za udongo wa mfinyanzi, nami nitamnyoa kondoo wako vizuri."

"Mpaka miguuni?"

"Mpaka miguuni."

"Haya, kiongozi," Kolby alisema. "Nipe huo udongo."

Kesho yake mkaguzi, Bibi Yandell, aliketi nyuma ya darasa. Alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya kazi na macho yasiyo na haraka. Bwana Holcomb alipanga chupa zake mezani, akafungua mdomo.

"Mnadhani maji yatapita upesi..."

Mikono yote ilikuwa juu. Msichana wa mbele akajibu bila kupumua, "Kwenye mchanga, kwa sababu chembe zake ni kubwa na zina nafasi kati yake!"

"Vema," alisema Bwana Holcomb, akitazama chupa yenye maji ambayo hakuwahi kuimimina. Aliuliza la pili, likajibiwa vivyo hivyo. Alipoona hivyo akaliacha swali alilokuwa amelipanga na kuuliza jingine.

"Nani kwenu humwagilia bustani nyumbani?"

Kolby aliruka kutoka kitini. "Udongo wa mfinyanzi hushika maji kwa sababu chembe zake zimebanana!"

Darasa zima lilicheka. Bibi Yandell hakucheka.

Kengele ilipolia, Tressa alibaki akikusanya chupa. Alimsikia mkaguzi akisema, "Bwana Holcomb, sina la kuandika. Sikuona mtoto hata mmoja akifikiri. Darasa hili limekaririshwa."

"Mama, naapa sikuwapa majibu hayo."

"Basi kuna aliyewapa. Nami siwezi kumsifu mwalimu kwa kazi ambayo sikuiona."

Baba alichukua kitambaa. Alipangusa meza iliyokuwa kavu tayari. Tressa aliujua ule mkao wa mabega yake. Ndivyo alivyokuwa akisimama mlangoni kila alipobeba begi la safari.

Tressa alitoka, akasimama koridoni. Akinyamaza, baba atadhaniwa mwongo. Akisema, yeye ndiye atakayekuwa amemharibia. Aliomba kimoyomoyo kama alivyofundishwa kanisani, na ombi lenyewe lilikuwa fupi: Bwana, nipe miguu. Kisha akaenda mpaka ukumbi wa chakula, alipokuwa ameketi Bibi Yandell na kikombe chake cha kahawa.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi. Mimi ndiye niliyewapa wenzangu majibu. Baba hakujua."

"Marahaba. Kwa nini ulifanya hivyo, mwanangu?"

"Nilitaka apite. Asipopita atarudi Texas. Nililitengeneza darasa kama tunavyotengeneza kondoo wa maonyesho."

Bibi Yandell aliweka kikombe chini. "Umewahi kuingia uwanjani na kondoo?"

"Ndiyo, Bibi. Mwaka jana."

"Jaji alipofika kwako alifanya nini?"

"Aliweka mkono mgongoni mwa kondoo. Akampapasa."

"Kwa nini asitazame tu alivyooshwa?"

"Anatafuta nyama, Bibi. Kuosha hakuongezi nyama."

"Nenda kamwambie baba yako haya uliyoniambia mimi," alisema Bibi Yandell. "Mimi nipo hapa mpaka kengele ya mwisho. Mwambie alichukue darasa lile lile tena, na alifundishe jambo ambalo hakulipanga."

Kumwambia baba kulikuwa kugumu zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Umeniumiza, Tressa," alisema. Kisha akachukua koleo. "Kawaite wenzako."

Mchana ule aliwapeleka mahali mabasi ya shule yanapoegeshwa. Mvua ilikuwa imenyesha mwanzoni mwa juma, na dimbwi lilikuwa bado limetuama, ilhali nyasi za pembeni zilikuwa kavu.

"Kwa nini maji yamebaki hapa, hayakubaki pale?"

Hakuna mkono ulioinuka. Wote walitazama dimbwi.

"Hapa pana udongo wa mfinyanzi," alisema mmoja kwa wasiwasi.

"Huenda. Tutajuaje?"

Walichimba huku na kule. Udongo ulikuwa ule ule mwekundu. Wakaufinyanga vidoleni, na Bwana Holcomb hakuwasaidia. Alingoja tu.

"Mabasi," Kolby alisema polepole. "Yamepakanyaga. Nyumbani ng'ombe wanaposimama langoni, maji hayaingii ardhini."

"Mimi nilidhani ni udongo wa mfinyanzi," Bwana Holcomb alisema. "Hilo sikuliwaza, Kolby. Hebu chimbeni tena, polepole, mwone ugumu wenyewe."

Wakagombania koleo. Hata Bibi Yandell alichafua viatu vyake.

Kengele ya mwisho ilipolia alimpa Bwana Holcomb mkono wenye tope. "Nitaandika kwamba shule ikusimamie. Bado una mengi ya kusoma juu ya ualimu, na usiyaruke." Kisha akamgeukia Tressa mbele ya wenzake. "Kumwosha kondoo si kosa. Kosa ni kudhani kuosha kunaweza kuwa badala ya kulisha. Baba yako alikwisha fanya kazi yake, ila wewe uliificha kwa majibu ya kuazima. Anayekupenda usimsaidie kwa uongo. Utamnyima nafasi ya kuonekana alivyo."

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe. Nanyi nisameheni," Tressa aliwaambia wenzake.

"Tumekusamehe," Kolby alidakia, "lakini kondoo wangu bado ana manyoya."

Jumamosi Tressa alimnyoa kondoo wa Kolby mpaka miguuni. Karibu na lango la banda baba yake aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisoma kitabu cha ualimu na kuuliza maswali kwa sauti. Safari hii hakuna aliyemjibu, hata Tressa; walimwacha afikiri mwenyewe.