Uvimbe Tumboni mwa Bibi Fusae

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kozue alimsaidia bibi yake, Fusae, kupanga figili za achari kwenye pipa la chumvi. Siku hiyo, katikati ya kazi, Bibi alishika ukingo wa pipa. Uso ulimpauka, akateremka taratibu mpaka sakafuni.

"Bibi! Una nini?"

"Kizunguzungu tu. Usipige kelele."

Kozue alimbana mpaka akasema. Kwa wiki mbili Bibi alikuwa akipata choo cheusi kama lami.

"Babu yako alianza hivihivi," Bibi alinong'ona. "Walipompima wakakuta saratani ya tumbo. Hakumaliza mwaka. Mama yako asijue, umesikia? Niahidi."

Kozue akaahidi. Darasani hakusikia neno, na wali wa mchana aliurudisha nyumbani. Kila alipofumba macho alimwona Babu alivyokonda siku zile za mwisho. Jioni, mama yake alipoingia tu, Kozue aliangua kilio akamweleza yote.

"Huna siri wewe!" Bibi alifoka.

Hata hivyo, kesho yake walikuwa hospitali. Daktari Morikawa alipitisha mdomoni mwa Bibi mpira mwembamba wenye kamera hadi tumboni. Aliona uvimbe ukubwa wa yai la kware, umejificha chini ya utando wa tumbo, na juu yake kidonda kinachovuja damu. Kipande kidogo alichokata hakikutoa jibu.

"Ni saratani?" Kozue aliuliza.

"Bado sijui. Lazima tuutoe wote, ndipo tuupime."

Walimpasua kupitia matundu madogo. Kisha zikaja siku kumi za kusubiri majibu. Simu ikilia, Kozue alikimbilia chooni akajifungia.

Siku ya majibu, hospitalini, daktari aliingia walikokuwa wakisubiri, akitabasamu. "Si saratani. Uvimbe huu huota kwenye ala ya neva, yaani utando unaoifunika. Ni wa nadra sana, na wako hauna ubaya. Tumeutoa wote."

"Na mimi nilishachagua picha yangu ya kuwekwa mbele ya waombolezaji!" Bibi alisema, akicheka na kulia.

"Damu ingeendelea kuvuja, picha hiyo ungeihitaji kweli," daktari alimjibu. Akamgeukia Kozue. "Ugonjwa haufichwi, binti. Ukiona mtu anaumia, mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia, hata kama utagombezwa."

Bibi alimshika mjukuu wake mkono. "Nilikugombeza kwa woga wangu mwenyewe," alisema. "Nisamehe."