Msasa wa Dorotea

Kwa Luhaga wa Mkolani, kazi haikuwa imeisha mpaka Odeta afunge kilemba. Ndivyo alivyowaambia wateja wake, na hakuwa akitania. Wenye magari ya kujionyesha walimletea makava ya injini, mabomba na puli, vyote vimejaa masizi na grisi, naye akavisugua kwa msasa na maji kwenye banda la nyuma ya nyumba. Alianza na msasa namba themanini, unaokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, akashuka taratibu hadi namba elfu mbili, ulio laini kuliko gazeti. Halafu polishi na kitambaa. Halafu anamwita mkewe. Odeta akiweza kujitazama kwenye kile chuma na kufunga kilemba bila kukosea mkunjo, mteja anapigiwa simu.

Jumamosi ile Odeta alikuwa akiwahi mazoezi ya kwaya. Aliinama mbele ya injini iliyokuwa bandani, akazungusha kitambaa, akachomeka ncha, kisha akaganda, mikono ikiwa bado kichwani.

"Luhaga," akasema, "mimi si nimefunga cha bluu?"

"Cha bluu hicho."

"Mbona mle ndani ni cha njano?"

"Jua hilo, mama. Nenda, utachelewa."

Luhaga alicheka, lakini hakusogea kutazama. Mtu asiye na neno moyoni angesogea. Luhaga alijua njano ile imetoka wapi.

Injini ilikuwa imeletwa kwa kirikuu, kigari cha mizigo, na Mashimba, kaka yake Odeta. Huyu ndiye aliyesimama upande wa Luhaga siku ya posa, wajomba walipokuwa wakimkunjia uso, na Luhaga hakuwahi kumkatalia jambo tangu siku hiyo. Mashimba aliinama, akagusa ubavu wa injini kwa kidole.

"Shemeji, ing'arishe yote. Na hapa napo upapige mpaka pawe kioo."

Pale palikuwa na namba ya injini. Luhaga si mtoto mdogo. Anayetaka namba ifutwe hatafuti urembo.

Alipoondoka Mashimba, Luhaga alikuta kipande cha kitenge cha njano kimenasa kwenye mkanda wa feni, kimelowa mafuta ya kukaangia, na nywele mbili tatu zimejisokota ndani yake. Mkolani nzima ilikijua kitenge kile. Kilikuwa cha Dorotea, mama aliyekaanga sato kando ya barabara, ambaye wiki mbili nyuma aligongwa na gari likakimbia, akafa palepale. Polisi walimhoji Mashimba, akasema gari lake aliliuza kitambo. Kadi ya gari ilikuwa na namba ya injini, ila injini yenyewe haikuonekana popote.

Sasa Luhaga alikuwa ameiona. Alikuwa amekula samaki wa Dorotea miaka sita, siku nyingine anaongezewa kichwa bure. Alikichoma kile kitenge, akachukua msasa namba themanini, akafuta namba. Alijiambia marehemu hafufuki kwa ndugu kunyimana msaada. Aliyekwisha kuamua hakosi maneno matamu ya kujiambia. Kisha akamwita Odeta ajitazame, kwa mazoea tu, na hilo likawa kosa lake kubwa kuliko yote.

Jumapili walipotoka kanisani nyumba ilinuka samaki wa kukaanga. Jikoni hakukuwa hata na moto.

Jumatatu mchana Luhaga alikuwa anakula ugali, akasikia chumbani: kwaru, kwaru, kwaru. Alimkuta Odeta amekaa kitandani, beseni la maji mapajani, msasa namba elfu mbili mkononi, anasugua pete yake ya ndoa. Herufi za majina yao zilikwisha kufutika.

"Ilikuwa na uchafu," Odeta akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.

Jumanne akasugua kucha kwa msasa wa elfu moja na mia tano. Jumatano akasugua viganja kwa wa elfu moja, mpaka mistari yote aliyozaliwa nayo ikatoweka. Kila akishikwa mkono alitulia, akalia, akasema hakumbuki kitu, akaomba asiachwe peke yake. Luhaga akakusanya misasa yote, akaifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akauvaa shingoni. Aliogopa, jamani. Alimpenda mke yule, na alikuwa akimwona anafutwa kama namba.

Alhamisi sanduku lilikuwa bado limefungwa, na Odeta alikuwa na msasa wa mia nane mkononi, umelowa, mpya.

Ijumaa, saa saba, jua limesimama juu ya mawe ya Mkolani na majirani wanacheka nje, Luhaga alisikia tena ule mkwaruzo, safari hii ukitoka bandani, akakimbia, akamkuta Odeta amepiga magoti mbele ya ile injini, msasa wa mia nne shavuni, anausugua uso wake taratibu, kwa mzunguko, vilevile kama yeye Luhaga asuguavyo, na shavu lilikuwa linang'aa, jekundu, bila chozi hata moja, na kwenye chuma mbele yake hapakuwa na Odeta, palikuwa na mwanamke wa kilemba cha njano ambaye upande mmoja wa uso wake ulikuwa umebaki barabarani.

"Fundi," Odeta akasema. Sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ile iliyozoea kuita wapita njia. "Pale ubavuni ulianza na namba ngapi?"

Luhaga alijikuta anajibu. "Themanini."

"Basi tutafika."

*

Mama Mwaija aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao, mjane mtu mzima, mtengeneza mikeka. Watu walimwendea kwa maradhi ambayo hospitali iliyarudisha. Alikuja na chetezo chake, akaingia bandani, akatoka haraka huku amejifunika pua kwa mtandio.

"Shikamoo, mama," Luhaga alisema.

"Marahaba. Hili si jini la kutumwa, baba. Jini la kutumwa ningeliuliza bei yake likaondoka. Huyu ni mwenye haki yake, na jini la barabarani limembeba mgongoni. Anamtaka nani hapa?"

"Mke wangu hana kosa."

"Sijauliza nani hana kosa."

Luhaga akanong'ona yote, macho chini. Mama Mwaija alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni.

"Amemshika dada ili kaka asikie. Kilichofutwa kirudi, kisomwe mbele za watu. Mimi ubani wangu utamtuliza mpaka kesho mchana tu. Na usinidanganye wala usijidanganye: mkosaji hapa si mmoja."

Luhaga alikuwa keshatoa simu mfukoni. Akampigia Mashimba.

"Shemeji, mdogo wako anakufa."

"Mpeleke hospitali."

"Si ugonjwa. Ni Dorotea."

Kisha Mashimba akasema polepole, "Kesho asubuhi nakuja kuchukua injini yangu. Na wewe ukifungua mdomo, kumbuka nani aliifuta. Odeta atapona, wanawake wana mambo yao." Akakata.

Luhaga alibaki anaitazama simu. Miaka yote alimheshimu mtu huyu kuliko kaka zake mwenyewe. Hasira ilimpanda, na kwa mara ya kwanza tangu injini iingie pale, hofu ikakaa pembeni.

Fundi wa chuma anajua jambo ambalo mwizi halijui. Namba ikigongwa kwenye chuma, kipigo huzama ndani kuliko macho yaonavyo. Ukifuta juu, chini bado pana kumbukumbu. Asubuhi Luhaga aliwaleta polisi wawili wenye kadi ya gari. Mashimba alikuwa amekwisha kufika na vijana wa kubeba. Alipowaona polisi akaanza kucheka.

"Afande, injini hii haina namba. Mtaijuaje?"

Luhaga alichovya pamba kwenye maji ya betri, akapangusa pale ubavuni, akasubiri, akapangusa tena. Kioo kikafifia, kikawa kijivu. Ndani ya kijivu kile zikaanza kupanda tarakimu, moja baada ya nyingine. Afande akazisoma kwa sauti, mwenzake akifuatisha kwenye kadi, na kila iliposomwa moja, huko ndani ya nyumba Odeta alipiga yowe. Ilipofika ya mwisho yowe likakoma.

Mashimba hakucheka tena. Alitazama kava la juu la injini, akarudi nyuma, mikono usoni, akilia kwamba aondolewe yule mama, anamkaribia. Walimpakia hivyohivyo. Wanasema huko mahabusu hakuulizwa mara mbili, alieleza yote mwenyewe, na mpaka leo hawezi kukaa mbele ya kitu kinachong'aa, hata sufuria.

Odeta alilala siku mbili. Alipoamka aliomba uji. Shavu lilikuwa na kigaga, viganja vilikuwa laini bila mstari, lakini macho yalikuwa yake. Luhaga alimlisha kwa kijiko huku analia waziwazi, akamwambia yote, hata kile kitenge. Odeta akakisukuma kijiko kando.

"Ulijua," akasema, "na ukaniita nijitazame."

"Nisamehe."

"Nitajaribu. Nimpoteze kaka na mume siku moja, nibaki na nani?"

Luhaga hakuwahi kusikia neno tamu kama lile. Polisi waliichukua injini, naye walimwambia ataitwa kueleza sehemu yake. Alikubali. Aliita mnunuzi wa vyuma chakavu, akampa grenda, misasa, polishi, kila kitu, akafagia banda mpaka likabaki udongo mtupu. Mchana ule alikaa kwenye kigoda mlangoni, upepo wa ziwa unampiga, akahisi mwili mwepesi. Alimsimulia Odeta habari za kuanza kufuga kuku, akataja na idadi ya vifaranga.

Odeta alikuwa anachambua mchele ndani. Akainua kichwa.

"Luhaga," akaita kwa sauti ndogo. "Acha."

"Niache nini? Kuku wana faida."

"Mkono wako, Luhaga. Acha!"

Ungo ulianguka, mchele ukamwagika. Luhaga aliona mkewe anamkimbilia huku anapiga kelele, akashangaa, kwa maana hakuwa anasikia maumivu yoyote. Ndipo alipotazama chini, akaona mkono wake wa kulia umeshika msasa namba themanini, mpya, umelowa, unakwenda na kurudi kwa mzunguko juu ya paja lake, na ngozi ilikuwa imekwisha kitambo.

Odeta aliushika ule mkono kwa nguvu zake zote. Haukusimama.