Namba Nyekundu Kifuani kwa Bibi Harusi

Kila asubuhi mume wangu hufungua studio. Huvuta pazia la bluu, huweka stuli katikati ya taa mbili, kisha hukaa. Huchukua kitambaa laini na kufuta lenzi. Jana aliifuta. Tangu jana haijaona mtu. Anaifuta tena.

Mimi napokea wateja na kukata picha zikitoka kwenye printa. Wiki ile mkasi wangu ulilala tu. Mume wangu alikuwa amebandika matangazo kwenye nguzo zote za mtaa. Mvua ikanyesha, yakabanduka yote. Jumatatu akaniambia amechoka.

"Muuza simu wa barabara kuu anaitaka kamera yangu. Atakuja kuichukua Jumamosi."

"Ukiuza kamera, utafanya nini?"

"Sijui. Watu siku hizi wanajipiga wenyewe kwa simu."

Nilitamani kulia. Mume wangu kazi anaijua. Mtoto msumbufu akikaa mbele yake anatulia. Mzee aliyenuna anacheka. Mtu kama huyo auze kamera kwa kukosa wateja? Iliniuma, na ilinikera kuliko ilivyoniuma.

Mchana huohuo akaja bibi harusi mmoja kuchukua picha zake. Alifungua bahasha palepale mezani. Alicheka, akaziba mdomo, akacheka tena. Alipofika kwenye picha ambayo amemshika baba yake mkono, macho yakamjaa machozi.

Halafu akasita. Akaweka kidole gumba juu ya kifua chake pichani, akakiondoa, akakirudisha.

"Fundi, hii namba ya simu haitoki?"

Kila picha ya studio yetu ina namba ya mume wangu, nyekundu, kubwa, katikati kabisa. Nimeshamwambia mpaka mate yamenikauka.

"Hilo ni tangazo," akajibu mume wangu. "Wakiona picha, wanaona na namba."

Bibi harusi alirudisha picha kwenye bahasha, akaaga kwa sauti ndogo.

"Karibu tena!" mume wangu akampungia mkono.

Nikashindwa kuvumilia. "Karibu tena? Unataka aolewe tena?"

"Ni heshima tu hiyo."

"Ana dada, ana mashoga, ana ndugu wa mume. Umemuulizia hata mmoja?"

"Mimi ni msanii. Siombiombi wateja."

Wifi yangu, dada yake mume wangu, ana saluni mlango wa pili. Alisikia kelele akaja, chanuo bado mkononi. Saluni yake haina hata bango, na benchi lake halikosi watu.

"Kaka, mimi tangazo langu ni kichwa cha mteja," alisema. "Akipita barabarani anaulizwa, 'Umesukwa na nani?' Sasa nikimwandika namba yangu kwenye paji la uso, si atavaa kofia?"

Nilicheka. Mume wangu hakucheka.

"Namba iweke nyuma ya picha," wifi akaendelea. "Tena mpe na picha ndogo chache agawie watu wake. Wewe mwenyewe huwezi kuingia kila sebule. Picha itaingia."

"Na kuomba?" mume wangu akauliza.

"Kuomba kuna wakati wake. Muulize wakati bado anacheka na picha zake. Usimwambie 'niletee wateja'. Muulize, 'Kuna mtu kwenu ana shughuli karibuni?' Hapo atamkumbuka mtu. Kama hajaridhika, usimuulize kitu. Rekebisha kwanza."

Nilidhani ameelewa. Kesho yake akaja mama mmoja na mtoto, wanataka picha ya shule. Hata hawajakaa, mume wangu akatoa simu.

"Mama, nitajie namba za rafiki zako, niwapigie."

Mama yule akakumbatia mkoba wake, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Nilikaa chini nikashika kichwa. Jamani, mwanamume huyu!

Wifi alipopata habari alikuja na mapovu ya sabuni mikononi. "Kaka! Picha hajaiona, atakusifia nini? Na namba za watu si zake kugawa. Yeye awape watu namba yako. Anayetaka atakupigia mwenyewe. Haya, anza na yule bibi harusi uliyemharibia."

Mume wangu alinuna, lakini alichapisha upya picha zote bila namba. Nilikata na zile ndogo, namba nyuma. Jioni tukaenda kwa bibi harusi.

Tulimkuta na shangazi yake. Shangazi alipoziona picha alishika kiuno.

"Kumbe zimetoka? Mbona uliniambia bado?"

Bibi harusi aliinamisha kichwa. "Niliona aibu, shangazi. Zilikuwa na namba kifuani."

Nilimtazama mume wangu. Uso ulimshuka. Picha zake bora zilikuwa zimefichwa kabatini, na aliyezifichisha ni yeye.

"Nisamehe, dada," alisema. "Hizi ni zako. Hizi ndogo wagawie wenzako."

Shangazi alichukua ile ya baba na binti, akaitazama, akaangua kicheko. "Huyu kaka yangu hajawahi kucheka pichani!"

Nilimgusa mume wangu kiwiko. Sasa!

"Shangazi," akasema taratibu, "kuna mtu kwenu ana shughuli karibuni?"

"Binti yangu anamaliza masomo ya uuguzi. Darasa lao zima linatafuta mpiga picha."

Jumamosi studio ilijaa sare nyeupe. Mume wangu alimuuliza kila aliyeingia, "Nani kakuelekeza kwetu?" Wengi walitoa picha ndogo ya bibi harusi mkobani. Mchana akampigia simu bibi harusi kumshukuru. Akamwambia ile picha ya baba yake anaikuza na kuiwekea fremu, ni zawadi. Nilisikia kelele ya furaha mpaka nje ya simu.

Hapo ndipo akaingia muuza simu. "Nimekuja kuchukua kamera."

"Kamera siuzi tena," mume wangu akajibu, jicho kwenye lenzi. "Ila kwenu kuna mtu ana shughuli karibuni?"

Nikamkanyaga mguu. "Wewe! Mkalishe kwanza kwenye stuli, mpige picha, acheke. Ndipo uulize!"

Muuza simu akatutazama, akajitazama kwenye kioo, akafunga kifungo cha shati.

"Haya," akasema, "foleni inaanzia wapi?"