Bibi wa Kiti cha Nyuma

Weka mkono kifuani, uape hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri, maana mimi niliapa hivyo hivyo kwa mwenye habari, na kabla chai haijapoa majirani wote walikuwa wameshajua. Siri kubwa hivi ingenipasua tumbo.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa mtoto mchanga, ambaye kona za barabarani zilimtapisha hata kama dereva ni mumewe. Kwa hiyo kila safari ilikuwa vilevile: yeye mbele, dirisha wazi, mfuko wa plastiki mapajani, mtoto nyuma kwa mama mkwe. Safari hii walikwenda kutembea tu, kwa barabara ile inayofuata bahari asubuhi nzima, kisha inapanda mlima hadi mawinguni.

Mama mkwe alikuwa na mdomo, usiniulize. Alitukana lami, akatukana redio, akatukana mishono ya mkwewe. "Wewe mshona viraka, hata kutapika hujui!"

Walipopumzika ufukweni, akaenda peke yake nyuma ya miamba kujisaidia. Akarudi upesi kuliko magoti yake yalivyozoea, nywele zimelowa chapachapa, gauni kavu. Akanyoosha mikono. Fundi akampa mtoto, wakaondoka.

"Mume wangu," fundi akanong'ona baadaye, "mama hajamtukana mtu tangu ufukweni."

"Shukuru Mungu. Usimwamshe."

"Hajalala. Namwona kwenye kioo. Hapepesi macho."

"Basi anatazama mandhari. Si ndiyo tuliyofuata?"

Barabara ikaiacha bahari ikaanza kupanda, lakini harufu ya mwani uliooza haikubaki huko chini, ilizidi kila kona, ikachanganyika na baridi ya ukungu. Maziwa yakamjaa fundi yakalowesha blauzi, maana saa ya kunyonyesha ilipita na mtoto hakulia; kilichosikika nyuma ni mfyonzo mdogo, wa polepole, kama wa mtu mwenye kokwa la embe mdomoni asiyetaka liishe utamu.

"Mama, nipe mtoto nimnyonyeshe."

"Ameshiba, mwanangu."

Mwanangu! Tangu aolewe hajawahi kuitwa hivyo. Vinyweleo vikamsimama.

"Simamisha gari," akamnong'oneza mumewe. "Nakuomba. Yule si mama yako."

"Umeanza! Mama akikutukana unalia, akikupenda unalia. Gari linachemsha, likisimama kwenye mlima huu halipandi tena. Tutasimama juu."

Huko juu palikuwa na kibanda cha chai na watu wamejaa wakipiga picha. Gari halijatulia vizuri, fundi akaruka, akavuta mlango wa nyuma, akakuta umefungwa kwa ndani. Akapiga kioo kwa viganja, akapiga mayowe, watu wakageuka, mumewe akaona haya, akawa anawaambia, "Samahanini jamani, ni kona tu zimempanda kichwani," na papo hapo lori la kokoto lililokuwa likipanda nyuma yao likafunga breki, akateremka bibi mmoja mwenye kandambili mguu mmoja tu, mweupe kwa vumbi, anatukana kuanzia ngazi ya juu hadi chini.

"Mbwa nyie! Mmeniacha ufukweni nimechuchumaa! Mjukuu wangu yuko wapi?"

Mwanawe akamtazama, akautazama mlango, akachomeka ufunguo, akafungua.

Wote wakakiona, wenye vikombe na wenye kamera: kile kilichovaa sura ya mama mkwe kimeinama kitini, mdomo wake umefunika utosi mzima wa mtoto, mashavu yanaingia na kutoka, na ngozi ya kichanga imenywea mifupani. Nacho kikawaona. Hakikuachia. Kikawatazama mmoja mmoja, bibi, baba, mama ambaye maziwa yalikuwa yakimdondoka hadi miguuni, mpaka unyayo mdogo uliokuwa ukitikisika ukatulia. Ndipo kikajifuta mdomo.