Nani Ameibandua Rangi ya Boti?

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, dereva mstaafu alirudi kutoka dukani na brashi mpya, akakuta boti yake ndogo ya alumini imebanduliwa rangi. Si yote. Ubavuni kushoto, karibu na nyuma, palikuwa na duara tupu la ukubwa wa sinia. Rangi ya kijani aliyoipaka jana saa kumi alasiri ilikuwa imetoweka, na praima, rangi ya msingi ya chini yake, pia.

"Ni yule fundi redio," alimwambia dada yake, mshona nguo, aliyekuja kumsalimia yeye na mkewe. "Juzi nikipiga msasa vumbi lilimwingilia dirishani, akaapa rangi hii haitakauka. Leo namfikisha polisi."

"Ngoja nimalize chai, kaka. Polisi hawahami."

Fundi redio aliitwa uani.

"Jirani, ningetaka kukukomoa ningeitoboa, nisingekaa kuipangusa," alisema. "Tena tangu saa kumi na mbili nilikuwa kwa mama mkwe nafunga antena. Mpigie. Ila uwe na salio la kutosha, yule hana nukta."

Alipigiwa. Ilikuwa kweli.

Dada mtu akachuchumaa kando ya boti. Akapitisha kidole kwenye duara, akakinusa. Mafuta ya taa. Akaangalia lango: kaka yake alilifunga kwa ufunguo saa mbili alipotoka, na kufuli lilikuwa zima.

"Kitendawili, kaka. Mwizi gani anaingia uani habebi kitu, anafuta polepole kama anayemwosha mtoto uso?"

"Sina muda wa vitendawili, dada."

"Mwenye hasira hukwangua. Hapa hakuna mkwaruzo hata mmoja. Ni kitambaa laini, kidogo kidogo. Aliogopa kukiumiza kitu kilichokuwa chini." Akamgeukia mke wa kaka yake, aliyesimama mlangoni, mikono ameificha chini ya aproni. "Wifi yangu, hebu nione kucha zako."

Mke akaitoa mikono. Kucha zilikuwa za kijani.

"Natafuta kiganja chake," alisema.

Mtoto wao alikuwa na miaka mitano alipobandika kiganja kwenye rangi mbichi ya boti ile. Mwaka uliofuata homa ilimchukua.

"Nilidhani umepaka juu yake, kama tunavyopaka kuta za nyumba," mke aliendelea. "Nikasema nikiiondoa ya juu taratibu, nitakikuta. Nimefuta mpaka kwenye bati."

Fundi redio akatoka bila kuaga.

"Rangi ya zamani ilikuwa inabanduka," mume alisema, sauti imeshuka. "Alumini lazima uichubue iwe tupu, la sivyo rangi mpya haishiki."

"Ulikiona?"

"Nilikiona. Nilikiacha mpaka mwisho."

"Na mimi nilikuwa hapo jikoni. Hatua kumi."

"Niliogopa. Ningekuuliza ungekataa."

Dada mtu alitazama chini. Alitamani angekunywa chai yake akanyamaza.

"Ningekataa, ndiyo," mke alisema. "Halafu kesho yake ningekubali. Nilihitaji siku moja tu ya kukataa."