Pumzi za Kiraka

Asubuhi kwenye chombo kile cha anga ilikuwa ni taa tu kugeuka kutoka nyekundu kuwa nyeupe. Huu ulikuwa mwaka wa sita wanakata giza baina ya nyota na nyota, na kila taa zilipogeuka, fundi wa hewa alisimama jikoni mbele ya ukuta wa koki na kuita majina. Aliyeitika "Nipo" alifunguliwa koki ya chumba chake, akapata pumzi za kutwa. Asiyeitika hakufunguliwa mpaka aonekane. Ndiyo ilikuwa sheria ya kazi, maana hewa ilikuwa ya kupimiana na huko nje hakuna dirisha la kufungua.

Walikuwa wamebaki watatu. Nahodha, bibi mkavu asiyecheka bure. Mpishi, aliyecheka kwa niaba yake. Na fundi mwenyewe, waliyemwita Mama Hewa. Wa nne alikuwa Kiraka, mdogo wake fundi, baba mmoja mama mmoja, na huyo alikuwa amekufa miezi mitatu nyuma. Alitoka nje kuziba ufa, kamba ikakatika, akaelea gizani, na dada yake akamsikia kwenye redio mpaka pumzi ya mwisho.

Lakini jina lake halikufutwa. Kila asubuhi Mama Hewa aliliita, mpishi akajibu taratibu, "Yupo," na koki ya chumba kile kitupu ikafunguliwa kama kawaida. Nahodha aliona, akaacha iwe. Nani angemkataza mtu kumlilia nduguye?

"Kiraka," aliita asubuhi ile.

Mpishi alikuwa na chai mdomoni, hakuwahi kujibu.

"Nipo," ikasema spika ya chumba cha marehemu.

Kikombe kilimtoka mpishi mkononi. Kisha ikaja harufu ya udongo uliolowa mvua, ndani ya chombo kisichokuwa na udongo hata wa kujaza kijiko.

"Dada, niongezee kidogo," sauti ikasema. "Huku kumebana."

Ilikuwa sauti yake hasa, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Mama Hewa alilia kwa furaha, na Mungu amsamehe, akaongeza.

Kesho yake alipomwita mpishi, spika ya chumba kile iliwahi kuitika, tena kwa sauti ya mpishi mwenyewe, na kicheko chake juu. Mpishi alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akakaa chini macho wazi, mkono unakoroga sufuria tupu. Walimtikisa, wakamwita, wakammwagia maji. Alikuwa anapumua, basi, lakini mwenyewe hakuwemo.

Nahodha alimvuta fundi hadi chumba cha usukani.

"Mwanangu," alinong'ona, naye hakuwahi kumwita hivyo. "Injini zinavuta, mishale yote ya vipimo iko juu, lakini angalia nje. Nyota hazisogei. Kuna kitu kimetushika."

"Ni mdogo wangu, nahodha."

"Mdogo wako alishindwa kusimamisha kiti kinachoyumba mpaka akifunge waya. Huyu amesimamisha chombo kizima."

Hapo spika zote zikacheka kwa pamoja, polepole, kwa sauti ya watu wengi.

"Nilikuwepo kabla ya nyota hizo," ikasema. "Nyingine nimeziwasha mimi, nyingine nimezila. Mliita mtu asiyekuwepo, mkamwekea na pumzi, nikaja. Kesho nitamwitikia nahodha. Keshokutwa wewe, dada. Niinamieni, nami nitawarudishia kila mliyemzika."

Ulimi wa nahodha ulikuwa vilevile. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe hatuna. Wewe, fundi, una nini?"

"Nina koki," alisema Mama Hewa, na akaona haya, maana ndipo alipoelewa kitu kile kilikuwa kinakula nini siku zote hizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye ndiye aliyekilisha, kwa mkono wake, kila asubuhi, kwa miezi mitatu.

Kutoka usukani hadi jikoni ni hatua ishirini, na zinapita mbele ya mlango wa Kiraka. Kwenye hatua ya tano taa zilizimika, akaendelea kwa kupapasa ukuta, na ukuta ulikuwa na joto na unyevu, unatuna na kunywea chini ya kiganja chake, na matope yakaanza kutoka chini ya mlango ule yakimfika vifundoni, na kutoka ndani akasikia mama yake akimwita kula, na baba yake akikohoa, na watoto ambao hakuwahi kuwazaa wakimwomba awafungulie, na alitamani kufungua, alitamani mno, akauma mdomo mpaka damu ikatoka na akapita.

Jikoni alipapasa mpaka akaipata koki. Ilikuwa inachoma.

"Dada," ikasema sauti, safari hii peke yake, ndogo, ile ile ya kwenye redio. "Dada, pumzi zinaniishia. Usiniache."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Kiraka, neno kwa neno, na yeye hakuwahi kumsimulia mtu.

"Umewasha nyota?" akasema huku analia. "Hongera. Ila mungu gani anaomba pumzi kwa fundi wa bomba? Hewa ya humu naigawa mimi." Kisha akaita kwa sauti yote, kama asubuhi za kazi: "Kiraka!"

"Nipo, dada."

"Kiraka amekufa. Nilimsikia mwenyewe. Hayupo."

Akakaza. Sauti ilimsihi, ikamtukana, ikakwama, ikakoroma kama alivyokoroma yule wa kweli, na mkono wake haukuacha kuzungusha mpaka koki ikagoma. Alimpoteza mdogo wake mara ya pili, na mara hii ni yeye aliyefunga.

Taa ziliwaka. Matope hayakuwepo.

"Nipo!" mpishi akapiga kelele toka sakafuni, analia na kucheka. "Nipo, jamani, nipo! Nani kaniunguzia sufuria?"

Kutoka usukani nahodha alipaza sauti kwamba nyota zinasogea.

Jina la Kiraka lilifutwa siku hiyo, na koki yake ikafungwa kwa waya, kama alivyozoea kufunga mwenyewe. Asubuhi Mama Hewa huita majina mawili, kisha hujiitikia la tatu. Halafu hugeuka kukagua ile koki. Kila siku huikuta ina joto, na waya umevutwa, na imelegea robo mzunguko.

Kila siku huikaza.