Sauti ya Alfani kwenye Flashi

Niliyaona haya kwa macho yangu haya mawili, na kama kuna mtu mtaa mzima wa Mfaranyaki atakayesema sikuwepo, basi huyo ndiye hakuwepo. Zuhura ni dada yangu wa tumbo moja. Mumewe, Alfani, alikuwa akitafsiri filamu za nje, anaongea Kiswahili juu ya sauti za wazungu, na Songea hapakuwa na wa kumfikia. Mwenyewe aliwahi kutengeneza filamu moja. Ilibuma.

Alipofariki, dada akakaa eda, nami nikahamia pale niwe mwanamume wa nyumba. Kila siku baada ya adhuhuri dada anachomeka flashi kwenye TV na kurudia filamu ileile, ya mwisho kutafsiriwa na Alfani: kichekesho cha maisha ya bwana mmoja aliyetengeneza filamu kumi na moja, zote zikazomewa. "Mtazameni ndugu yangu huyu," Alfani anasema humo, punda anapomgomea yule bwana mbele ya kamera, kisha anacheka. Dada naye anacheka, machozi yanamtoka.

Siku kumi kabla ya eda kuisha, Alfani alicheka punda akiwa bado hajatokea.

"Umesikia?" dada akaninong'oneza.

"Flashi imezeeka," nikasema, na nywele zimenisimama.

Kesho yake Alfani akakohoa. Keshokutwa yake akaita, "Zuhura, sogea," na sebule nzima ikanuka karafuu maiti, ileile tuliyomtilia kwenye sanda. Dada akaacha kula, akawa anaongea na TV kwa sauti ya chini kama mke na mumewe chumbani, nayo inamjibu, nami nyuma ya pazia naisikia ikimwambia kwamba Ijumaa eda ikiisha avae kanga mpya, atoke, asiage mtu, amfuate huko aliko, na yeye anaitikia ndiyo, bwana'ngu, ndiyo, huku mwili umebaki mifupa mitupu.

Nikamleta Shehe Abdulswamadu. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akamgeukia dada.

"Ni jini. Nikisoma atatoka, lakini sauti yote itaondoka naye, hata ile aliyoiacha marehemu. Sitasoma usiporidhia, mwanangu."

"Shehe, sina kingine cha mume wangu. Na kama ni yeye je?"

Dada akanishika mkono. "Kaka, kaiulize. Siku filamu yake ilipooneshwa ukumbini, nani alibaki mpaka mwisho? Mimi sina moyo wa kulisikia jibu."

Akaninong'oneza na jibu lenyewe: alibaki yeye na mlinzi, tena mlinzi amelala. Hilo walilijua yeye na Alfani tu.

Wakabaki uani, shehe akitawadha. Nikaingia peke yangu. Picha ikasimama yenyewe, yule bwana wa filamu akanigeukia, mdomo kaufumba, na sauti ya shemeji yangu ikatoka. Nikauliza. Ikajibu.

Nikawarudia uani. "Imesema watu walijaa mpaka mlangoni."

Dada akajifunika uso, akalia kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia. "Basi si yeye. Soma, shehe."

Kisomo kiliisha alasiri. Leo dada anakula, mwili umerudi. Filamu bado ipo. Midomo inafunguka, haitoki hata pumzi.

Nilisema nimeona yote, na nimeona. Ila neno moja nililitunga, lile nililompelekea dada uani, na mpaka leo hajui. Ilichojibu ni hiki: "Alibaki Zuhura, shemeji, na mlinzi anakoroma. Mwambie sikuwahi kumshukuru."